Fundi wa Nyaramba na kompyuta asiyoweza kuigusa

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne. Roselyne Nyanchoka ameketi juu ya kreti ya ndizi iliyopinduliwa, katika korido ya Ushirika wa Amatoke Bora, soko la Nyaramba, Kaunti ya Nyamira. Kipakatalishi kiko mapajani. Waya wa samawati unatoka ubavuni mwa mashine hiyo, unapita chini ya mlango wa mapokezi na kuishia kwenye swichi ya mtandao.

Kwenye skrini kuna mstari wa kijani unaosonga polepole. Roselyne anapakua programu ya megabaiti tisa. Kazi ya programu hiyo ni moja: kugundua kama kuna vifaa viwili katika ofisi vinavyotumia anwani moja ya mtandao.

Mstari unafika asilimia 41 na kusimama. Mtandao umekatika.

"Umeona?" anasema bila kuinua macho. "Ili nijue kwa nini mtandao unakatika, nahitaji mtandao usiokatika."

Anajaribu tena. Asilimia 17. Mara ya tatu, asilimia sita. Kutoka mapokezi, karani Emily Kerubo anauliza kwa sauti kama kuna mtu amegusa kitu. Hakuna aliyegusa kitu. Swali hilo limeulizwa katika jengo hili karibu kila siku ya kazi kwa miezi kumi na minne.

Roselyne ana umri wa miaka 36, watoto wawili, stashahada ya teknolojia ya mawasiliano na kibanda cha mabati hatua mia tatu kutoka hapa. Amekuwa akitunza kompyuta za ushirika kwa miaka mitano. Keshokutwa, Alhamisi saa nne asubuhi, kamati itaketi kuamua kama ataendelea kuzitunza.

Kampuni moja ya Kisii imeomba kazi hiyo. Katika barua yake ya kurasa kumi na moja imependekeza nyaya zote zing'olewe na kuwekwa mpya, kwa gharama ya Sh340,000. Mkataba wa sasa humpa Roselyne Sh18,500 kwa mwezi. Kazi nyingine zote, yaani kutengeneza simu, kuchapisha barua za maombi na kuwarejeshea walimu nywila walizosahau, humletea wastani wa Sh8,000.

"Nikiukosa huu mkataba nafunga kibanda," anasema. "Si kulia, ni hesabu tu. Kodi pekee ni elfu tano."

Mtandao unapokatika hapa, madhara yake hayajifichi. Uzito wa ndizi huandikwa kwa mkono. Hati za mizigo hazichapishwi. Malori ya wanunuzi kutoka Nairobi husimama uani. Mwezi Machi, dereva mmoja alingoja hati kwa saa tano, akalala kwenye kiti cha lori, na alipoamka akakuta wakulima wamepakua mikungu arobaini na kuirudisha kivulini kwa hofu kwamba ingeivia humo.

Orodha ya mambo ambayo yamewahi kulaumiwa ni ndefu. Panya walilaumiwa kwanza, na mita sitini za waya zikabadilishwa. Ruta, kile kisanduku kinachopitisha intaneti, ilibadilishwa mara mbili. Mzani mpya wa kielektroniki, ulionunuliwa mwezi uleule tatizo lilipoanza, ulichomolewa kwa wiki nzima bila tofauti yoyote. Birika la umeme la jikoni lilihamishiwa nyuma ya jengo, na hadi leo mpishi wa chai hutembea hatua hamsini zaidi kwa kila duru ya chai.

Halafu kuna suala la Jumamosi.

Ushirika huu una wafanyakazi Waadventista na Wakatoliki kwa idadi inayokaribiana. Ofisi hufungwa Jumapili. Jumamosi Waadventista hubaki na Sabato yao, na Wakatoliki hufungua mpaka saa sita mchana. Na Jumamosi, kwa miezi yote kumi na minne, mtandao haujakatika hata mara moja.

"Jumamosi hapa ni raha tupu," anasema Emily, ambaye ni Mkatoliki. "Hati zinachapishwa mpaka printa inapata moto. Mimi nimewaambia hawa watu wa Sabato, mtandao umebatizwa na umechagua upande. Wakitaka ukae sawa wiki nzima, waje kwa padri."

Waadventista wana jibu lao: kwamba hata mtandao hupewa nguvu siku ya saba. Hoja hizo mbili zimejadiliwa sana saa ya chai. Hakuna aliyeuliza ni kompyuta gani hasa ambayo huwa imezimwa siku hiyo. Roselyne mwenyewe, aliyelipwa ili aulize, ni Mwadventista. Kwa miezi hiyo yote hajauona mtandao ukiwa mzima kwa siku nzima. Ameusikia tu ukisifiwa.

Saa mbili kasorobo anafunga kipakatalishi, anatembea hadi kibandani, ananunua bando la shilingi hamsini kwenye simu yake na kupakua programu kwa dakika mbili. Anaitia kwenye flashi na kurudi.

Anaketi mezani kwa Emily kuisakinisha. Programu inauliza maswali yake ya kawaida na Roselyne anabonyeza "Nakubali" bila kusoma.

"Umekubali nini?" Emily anauliza.

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Na kama ni mkopo?"

"Basi umeandikwa kwa kompyuta yako."

Swali la mwisho la programu ni la maana: ianzie anwani gani na iishie wapi. Roselyne anaandika 1 hadi 254. Kisha anaeleza kitakachotokea. Kila kifaa katika ofisi hii kina nambari yake, aliyoiweka yeye kwa mkono na kuibandika ukutani: ruta ni 1, mzani ni 2, kompyuta ya Emily ni 3, na kadhalika hadi 24. Programu itapita nambari baada ya nambari ikiuliza, "Ni nani mwenye hii?" Akijibu mmoja, safu inabaki nyeupe. Wakijibu wawili, safu inakuwa nyekundu, na programu inaonyesha msimbo wa kiwandani wa kila mmoja wao.

"Fikiria watu wawili wana nambari moja ya simu," anasema. "Mimi nakupigia wewe, anapokea mwingine, anakata. Nakupigia tena, unapokea wewe. Nakupigia mara ya tatu, amepokea yule. Mimi nitasema simu yangu ni mbovu. Kumbe simu ni nzima."

Programu inaanza kazi saa tatu na dakika ishirini. Safu zote ni nyeupe. Saa nne, nyeupe. Saa tano, nyeupe. Mtandao nao, kwa ukaidi, unafanya kazi vizuri ajabu.

"Imeogopa," Emily anasema.

Roselyne anaandika saa kwenye daftari lake la jalada jekundu. Baadaye ndipo atakapogundua kwamba alipaswa kuandika jambo jingine pia: saa tatu kamili, meneja alizima kompyuta yake, akafunga ofisi na kwenda kukagua kituo cha kununulia ndizi cha Nyakoe. Hakurudi siku hiyo.

Meneja huyo ni Jethro Onyiego, miaka 61, mwalimu mkuu mstaafu na Mwadventista. Aliajiriwa na kamati miezi kumi na minne iliyopita. Ni mtu wa ratiba. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa ameshafungua ofisi, amewasha kompyuta na amesoma gazeti la jana. Hachelewi, na hazoei wanaochelewa.

Pia ni ndugu mdogo wa baba mzazi wa Duncan Mose, mume wa Roselyne.

Jambo hilo la mwisho lingekuwa dogo mahali pengine. Kwa Abagusii, mke wa mtoto na baba mkwe hutenganishwa na chinsoni, yaani kanuni za staha baina yao. Mke wa mtoto haingii chumba cha mkwewe, hakalii kiti chake, hashiki vitu vyake na hamkosoi mbele ya watu. Mkwe naye hamkaribii. Na baba mkwe si baba mzazi wa mume tu. Ndugu zake wote wamo. Wengi, hasa wa mijini, wamelegeza mambo haya. Ukoo wa Onyiego haujalegeza.

"Tunaheshimiana sana," anasema Roselyne. "Kila asubuhi namwamkua, 'Bwakire, tata,' yaani umeamkaje, baba, nikiwa korido. Yeye anaitikia akiangalia dirisha. Hatuna shida."

Mkataba wake na ushirika ulitangulia ajira ya mzee huyo, na hutolewa na kamati, si na meneja. Kazi ya meneja ni kutia sahihi. Kwa hiyo hakuna aliyeona kasoro. Ilieleweka tu, bila kuandikwa popote, kwamba fundi atahudumia kila kompyuta katika jengo isipokuwa ile iliyo katika chumba cha mwisho upande wa kushoto.

Jumatano, saa moja kasoro dakika kumi. Roselyne yuko mapokezi. Taa ya ofisi ya meneja inawaka mwisho wa korido. Programu inaonyesha kifaa kimoja tu kinachoishi katika nambari 1.

Hilo ni la ajabu, kwa sababu nambari 1 ni ya ruta, na ruta imezimwa.

Huzimwa kila jioni na kuchomolewa ukutani. Nyanda hizi za juu zina radi nyingi, na ushirika umeshapoteza runinga moja, printa moja na king'ora cha mlinzi. Kwa hiyo kila mtu huchomoa kila kitu anapoondoka, na hata mchana, ngurumo ya kwanza ya mvua inaposikika, Emily hukimbilia ukutani.

Saa moja na dakika mbili Emily anaingia, anaweka mkoba chini, anachomeka ruta. Taa nne za kijani zinawaka, moja baada ya nyingine.

Safu ya kwanza ya programu inageuka nyekundu.

"Hiyo ni nini?" Emily anauliza.

"Wamejibu wawili."

Chini ya safu nyekundu kuna misimbo miwili, kila mmoja wa tarakimu na herufi kumi na mbili. Roselyne anafungua daftari jekundu. Humo ameandika msimbo wa kila kifaa alichowahi kukishika. Wa kwanza anaupata mara moja: ni ruta. Wa pili anautafuta kwa kidole kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu. Haumo.

Anahesabu mistari. Ishirini na mitatu. Orodha ya ukutani ina vifaa ishirini na vinne.

Emily anatazama korido, anatazama daftari, anaziba mdomo kwa kiganja.

"Rose."

"Nyamaza."

"Rose, ni mkweo!"

"Nimesema nyamaza."

Yaliyotokea yaliweza kuunganishwa baadaye, kwa kiasi kikubwa kutokana na maelezo ya meneja mwenyewe, ambaye aliyatoa bila kuona haya. Wiki yake ya kwanza kazini alisoma orodha ya ukutani na kukuta chumba chake kimepewa nambari 24. Mzani wa ndizi ulikuwa wa pili. Mashine ya mlinzi ya alama za vidole ilikuwa ya tano.

"Nimekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa," anasema Onyiego. "Nimepanga wanafunzi kwa nambari maisha yangu yote. Najua nambari ishirini na nne ni mtoto wa aina gani."

Muuzaji alipoleta kompyuta mpya ya meneja na kuuliza aweke anwani gani, mzee alimjibu, "Ya kwanza." Muuzaji, ambaye hakuwa anaujua mtandao wa jengo hilo, akaandika 1, akapewa chai, akaondoka.

Kama meneja angekuwa mchelewaji, hakuna ambaye angeumia. Kompyuta inayowashwa baada ya ruta hugundua yenyewe kwamba nambari imeshachukuliwa, hutoa onyo na kukaa pembeni. Onyo hilo Onyiego ameliona mara nyingi, siku zile anazoanzia vituoni. Alidhani ni tangazo la biashara, alikuwa akilifunga. Lakini siku nyingi yeye huwahi. Kompyuta yake inaikuta nambari 1 haina mtu, inaichukua. Nusu saa baadaye Emily anachomeka ruta, ambayo haiulizi mtu kitu, nayo inaichukua. Na mchana mvua ikinyesha, ruta ikachomolewa na kurudishwa, mambo yanaanza upya.

Kwa ufupi: mtandao wa ushirika umekuwa ukiangushwa na hofu ya radi pamoja na meneja kuwahi kazini.

Roselyne anajua haya yote, au sehemu yake kubwa, saa moja na robo Jumatano. Dawa yake ni ya dakika mbili: kuketi kwenye kiti cha Onyiego, kufungua mipangilio, kufuta 1 na kuandika 24. Ana saa ishirini na saba kabla ya kamati kuketi. Kiti hicho kiko hatua kumi na nane kutoka alipo.

Anampigia simu mumewe, mwalimu wa hisabati Nyakoe.

"Mwambie wewe," Roselyne anasema. "Ni baba yako mdogo."

Sauti ya Duncan inasikika mpaka meza ya Emily. "Nimwambie mzee Onyiego kwamba yeye si nambari moja? Mimi? Nina kipindi saa hii." Simu inakatwa.

Emily anajitolea, kisha anajiondoa, kwa hoja kwamba barua yake ya likizo iko mezani kwa meneja na bado haijatiwa sahihi.

Ndipo anapoingia Abigael Moraa na trei ya vikombe. Abigael, miaka 68, ndiye mpishi wa chai na mfagiaji, yule aliyehamishiwa birika. Katika ujana wake aliolewa na ndugu wa mwisho wa babu yake Onyiego. Kwa hesabu ya ukoo, basi, yeye ni nyanya wa meneja. Na kama chinsoni hufunga mlango kati ya mkwe na mke wa mtoto, kati ya nyanya na mjukuu mlango huachwa wazi kabisa: utani unaruhusiwa, unatarajiwa, na nyanya humwita mjukuu wa kiume mume wake. Abigael humwita meneja hivyo mbele ya wakulima, mbele ya maafisa wa kaunti, na mara moja mbele ya mkaguzi wa hesabu, aliyeandika jambo fulani kwenye karatasi zake.

"Magokoro, kuna kazi," Roselyne anamwambia, akitumia neno la Ekegusii la nyanya.

"Ya chai?"

"Ya kompyuta."

"Yaya, hapana! Mimi kompyuta napangusa vumbi tu."

"Ya mzee unaipangusa?"

"Kila siku."

"Basi wewe una ruhusa kuliko mimi."

Saa mbili kasoro dakika tano, Abigael anaingia ofisi ya meneja akiwa na kitambaa cha vumbi begani na karatasi ya maelekezo ya Roselyne mkononi. Mlango unaachwa wazi. Roselyne anaketi kwenye kreti yake koridoni, uso ukielekea ukutani.

"Mume wangu," Abigael anaanza, "toka kwa hicho kiti."

"Kuna nini, magokoro?"

"Wewe ndiye unaua mtandao."

Emily, mapokezi, anainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

"Muulize fundi," meneja anasema polepole, "ninauua namna gani."

"Magokoro," Roselyne anauambia ukuta, "mwambie mzee si yeye. Ni nambari."

"Anasema si wewe, ni nambari."

"Nimesikia."

"Kama umesikia, mbona unaniuliza mimi?"

Mazungumzo yanaendelea hivyo kwa muda. Watu wawili wenye elimu ya chuo wanazungumza kuhusu anwani za mtandao, wakiwa hatua sita wao kwa wao, kila mmoja akimwambia mwanamke aliyeishia darasa la nne. Abigael hutafsiri kila sentensi kutoka Kiswahili hadi Kiswahili, na kila anapotafsiri, huiongeza chumvi. Roselyne anaposema nambari 1 ni ya ruta kwa sababu za kiufundi, meneja anapokea habari kwamba amekuwa akilala kitanda cha mtu mwingine.

Onyiego anaelewa haraka; ni mtu wa mantiki. Anakubali kwamba vitu viwili haviwezi kuwa na nambari moja. Anachokataa ni 24.

"Sijawahi kuwa wa ishirini na nne," anasema.

"Mbio za shule ulikuwa wa mwisho," Abigael anamkumbusha. "Nilikuwepo. Nilikuwa nimebeba maji."

"Muulize fundi nambari kubwa kabisa ni ngapi."

"Mia mbili hamsini na nne," ukuta unajibu.

"Si hamsini na tano?"

"Hiyo haipewi mtu. Ni ya kuwaita wote kwa pamoja."

Meneja anafikiri. "Mia mbili hamsini na nne. Si ndiyo nambari ya Kenya kwenye simu?"

"Ndiyo, magokoro, mwambie ndiyo."

"Basi aniandikie hiyo."

Kazi ya kuandika inachukua dakika kumi na moja. Meneja anasimama dirishani. Abigael anaketi, anafuta vidole kwa kitambaa, na kufuata karatasi. Anatumia kidole kimoja, ambacho hukiinua juu sana kabla ya kukishusha, kama mtu anayechoma sindano.

"Nukta iko wapi?"

"Chini, upande wa kulia."

"Hii kama chawa?"

"Hiyohiyo."

"Imekuja tatu."

"Futa mbili."

"Nimefuta zote."

Saa mbili na dakika kumi na saba anabonyeza mahali pa mwisho. Mapokezi, safu nyekundu inageuka nyeupe, na mahali pa chini kabisa pa orodha, kwenye nambari 254, panatokea safu mpya. Emily anapiga kelele iliyosikika uani. Printa inaamka na kuanza kutema hati za mizigo zilizokuwa zimekwama tangu ofisi ilipofunguliwa, kumi na tisa kwa jumla.

"Ameshinda nani?" Abigael anauliza akitoka, lakini kila mtu anatazama printa.

Mtandao ulikuwa umepona. Mkataba ulikuwa bado haujapona.

Alhamisi, saa nne. Wajumbe saba wa kamati wameketi, mwenyekiti akiwa Drusilla Nyaboke, mkulima wa chai na ndizi. Meneja ameketi upande wa kulia, Roselyne upande wa kushoto karibu na mlango. Mwakilishi wa kampuni ya Kisii, Jasper, kijana mwenye tai aliyezaliwa na kukulia Nakuru, anazungumza kwa dakika ishirini kuhusu uchakavu wa nyaya. Ana picha za nyaya. Baadhi zimeliwa na panya, na zinatia huruma.

Kisha anaitwa Roselyne. Anasema mtandao haujakatika kwa saa ishirini na sita. Anasema chanzo kilikuwa vifaa viwili kutumia anwani moja. Anaweka mezani ripoti iliyochapishwa na programu. Hajatumia hata dakika tatu.

"Vifaa gani?" mwenyekiti anauliza.

"Kimoja ni ruta."

"Na cha pili?"

Hapa ndipo miaka mitano ya kazi ilipofika. Akikitaja, amemsema baba mkwe mbele ya wazee saba. Asipokitaja, fundi ameshindwa kueleza kosa lililogharimu ushirika miezi kumi na minne, huku aliye na picha za nyaya akiwa ameketi palepale.

"Ni kifaa ambacho hakimo katika daftari langu," anasema.

Drusilla Nyaboke ananyoosha mkono, anapewa daftari jekundu. Anahesabu mistari kwa kalamu. Anatazama orodha ya ukutani. Ni mama wa wana watatu waliooa. Anafunga daftari na kulirudisha taratibu.

"Tumeelewa," anasema.

Mjumbe mmoja, mzee Okemwa, anashikwa na kikohozi kirefu. Mwingine anachunguza dari.

"Samahani," Jasper anasema, "mimi sijaelewa. Ni kifaa kipi?"

Abigael, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, anamsogelea na kumjazia kikombe ambacho bado kilikuwa kimejaa.

Wakati huohuo meneja anaomba nafasi ya kuzungumza, kuhusu jambo lingine kabisa, anasema. Anapendekeza kinunuliwe kifaa cha kuzuia radi cha Sh4,200, ili ruta isiwe inachomolewa kila jioni. Anaongeza, akitazama dirisha, kwamba kwa maoni yake nyaya zilizopo ni nzuri na hazina hatia yoyote. Hilo pekee ndilo alilosema, na kwa waliojua lilikuwa jingi.

Kamati inampa Roselyne miaka miwili, kwa sharti moja: katika siku saba, kila kifaa katika jengo, bila kubagua chumba, kiwe kimeingia katika daftari. Kumbukumbu za kikao zinasema tu, "Chanzo kilipatikana." Abigael anaongezewa Sh1,000 kwa mwezi kwa kile kinachoitwa katika kumbukumbu hizo "shughuli za kiufundi za ofisi ya meneja." Anauliza kama birika linaweza sasa kurudi jikoni. Linarudi.

Saa nane mchana meneja anatia sahihi mkataba. Hampi Roselyne mkononi. Anauweka juu ya meza ya mapokezi, anauwekea kalamu juu usipeperuke, na kurudi chumbani kwake. Akishafunga mlango, Roselyne anasogea na kuuchukua.

Miaka miwili ni Sh444,000, na ameshazigawa: karo, kodi ya kibanda, na ada ya kozi ya mitandao mjini Kisii inayoanza Septemba. Shule tatu za upande wa Sironga zimempigia simu kuhusu mitandao inayokatika bila sababu. Kila moja ameiuliza kwanza ni nani huwahi kufika.

Mpango wake mkubwa ni wa mwaka ujao. Kuna programu nyingine, ya kulipia, inayomwezesha fundi kuendesha kompyuta iliyo chumba kingine bila kuikaribia. Angeketi mapokezi na kuhudumia vifaa vyote ishirini na vinne, kile cha chumba cha mwisho kikiwemo, na staha ingebaki palepale.

Abigael amesikiliza mpango huo hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Na hiyo programu," anauliza, "itaweza kumwambia mzee atoke kwa kiti?"

Roselyne anatafakari, kwa sababu ni swali la haki. Kisha anafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika makadirio ya mwaka ujao. Mstari wa kwanza: leseni ya programu, Sh12,000. Mstari wa pili: Abigael, miezi kumi na miwili.